Nafasi ya Vidole Viwili

Nyie mnaozaa katika mji huu, kabla hamjaambiwa kwamba mtoto wenu ni mbishi, mlazeni chali mapajani, mwingizeni vidole chini ya kidevu, pale katikati ya mifupa miwili ya taya, palipo laini kama unga uliokandwa ukaachwa uumuke. Pimeni. Msiulize ana tabia ya nani, wala karithi ukaidi upande gani. Ulizeni ana nafasi kiasi gani. Mimi nimesoma darasa la saba, tena kwa kusinzia, na sijui kupanga maneno kama wanavyoyapanga wenye vitabu vyao. Lakini hili nalijua kwa mfupa wangu mwenyewe, na chuma kilicholala juu ya mfupa huo kinanikumbusha kila ninapotaka kumeza. Kumeza kwenyewe ndiko kwenye shida. Nitafika huko.

Mji wetu una Gari. Ukiliondoa Gari, kinachobaki ni milango tu na watu waliosimama milangoni wakisubiri Gari lipite. Lina pazia, na nyuma ya pazia yupo Mwenye Gari, au hayupo. Hakuna aliyewahi kufunua. Linatoka langoni asubuhi, linazunguka mitaa yote, linarudi lango lilelile, na aliyelivuta anaambiwa: tumefika. Zamani lilivutwa na farasi. Farasi wakaisha. Gari halikuisha. Hapo ndipo watu wa mji huu walipoanza kutazamana shingo.

Kila nyumba inatoa shingo moja. Anayetolewa anatiwa lijamu, ndicho hicho chuma cha mdomoni, na kamba zake mbili, hatamu, zinakwenda nyuma zikaingia ndani ya pazia. Kati ya shingo na shingo pana ubao, mvutaji asimwone mwenzake. Hatamu zikivutwa, kidevu kinatakiwa kiguse kifua, na hapo mdomo hutoa povu. Povu jeupe, zito, linadondoka mpaka magotini. Na katika mji wetu povu ndiyo raha. Mwenye povu ameridhika, anayeridhika hulia hivyo kwa mdomo badala ya macho. Ndivyo tulivyoambiwa tangu tunanyonya. Gari likisharudi langoni, mvutaji anafutwa kwa kitambaa cheupe, kitambaa kinapelekwa kwao, kinaanikwa mlangoni kikiwa bado kibichi, na majirani wanapiga vigelegele. Kikirudi kikavu, nyumba hiyo ina ubishi. Ubishi nao una dawa yake: ukanda wa ngozi, unazungushwa puani ukapita chini ya kidevu, ukakazwa mpaka meno ya juu na ya chini yasalimiane.

Mimi nilimfahamu farasi wa mwisho. Aliitwa Kishindo, na baba yangu ndiye aliyekuwa akimlisha, kumsugua na kumtia lijamu. Nilipokuwa mdogo nilimwona Kishindo akiinua kichwa juu, juu kabisa, kama mtu anayetafuta jina la mtaa lililoandikwa mawinguni, na kila akiinua, wakikaza. Akiburuta mguu wakasema mvivu. Akifungua mdomo wakasema hana adabu. Siku moja akapiga magoti penye kona ya soko la kuku, akalala, na lile pazia halikutikisika. Walimchuna palepale. Ngozi ikaenda kwa wenye ngozi, nyama ikaenda kwa wasiouliza, na kichwa baba akakileta nyumbani, akakichemsha mpaka kikawa mfupa mtupu, akafunga taya kwa waya lisidondoke, akakitundika jikoni. Sijui kwa nini. Nadhani kuna vitu mtu akishaviua hawezi kuviacha vilale nje.

Baba akafa, jiko likawa langu, na Kishindo akaanza kusema. Au alikuwa anasema siku zote na mimi ndiye sikuwa nimefika umri wa kusikia. Saa nyingine hata si mfupa. Nageuka kutoka kwenye chungu namkuta ana macho, ana manyoya, anatafuna kitambaa changu cha kushikia sufuria. Saa nyingine mimi ndiye mtoto, na mwanangu Sikitu ndiye aliyesimama penye jiko akinikemea nisiguse moto. Mji huu siku zake hazikai kwenye mstari. Gari linazunguka, na siku nazo zinalifuata.

"Leo umekuja na uso wa mtu aliyekuta ndoo ya maji imemwagika," Kishindo aliniambia asubuhi ile.

"Sikitu anapimwa leo."

"Aaa. Ngumi."

"Ndiyo. Ngumi."

"Mimi nilipimwa kwa ngumi ya nani vile? Ya baba yako. Mkono kama sinia la pilau. Haukuingia. Akasema, huyu kidevu kizito, kazeni."

"Usimseme baba yangu."

"Simsemi, namsimulia. Hasira za nini asubuhi yote hii? Njoo, weka mkono hapa."

Nikaweka. Chini ya kichwa, katikati ya mifupa miwili ya taya, palikuwa pamebanana kama ufa wa mlango ulioachwa wazi kidogo.

"Umeona? Kichwa kikiinama, koo linatakiwa lipate pa kukaa, na pa kukaa ni hapo. Farasi mwenye nafasi, koo lake linaingia hapo katikati kama mtoto anavyoingia mgongoni kwa mama yake. Mimi nikiinama, hakuna kitanda. Koo linajikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa. Na nyie mkikosa pua mna mdomo; sisi farasi hatuhemi kwa mdomo, mama, pua tu. Basi nainua kichwa nipate pumzi. Nawe ukiniona pale barabarani unaniitaje?"

"Mbishi."

"Ahsante. Pitisha kidole hapa sasa, hapa pasipo na jino."

Kati ya meno ya mbele na magego pana pengo, na chuma hulala hapo, juu ya ufizi. Nilipitisha kidole. Ukingo wa mfupa ulikuwa mkali kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Kuna wenzangu walikuwa na nyama nene hapo," akasema. "Wanavutwa hawasikii, wanasifiwa uvumilivu. Mimi nikiguswa tu naruka, naambiwa mwoga. Wala hapakuwa na mvumilivu wala mwoga. Palikuwa na nyama nene na nyama nyembamba."

"Na mguu? Walisema uliburuta mguu."

Akacheka, waya wa taya ukalia. "Kuna kimfupa kidogo shingoni, chembamba kama kijiti cha kuchokolea meno. Kimeshika ulimi upande huu, kimeshika koo upande ule, na nyama zake zinashuka mpaka kifuani na begani. Chuma kikikandamiza ulimi, bega linakazika. Hatua inakuwa fupi. Walinichapa mguu jamani, na wao walikuwa wamenishika ulimi."

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi, sikukuna chochote.

Tangu hapo nimebeba swali moja, na sijampata wa kumuuliza. Anayeinamisha kichwa, amekubali au amekosa pa kupitishia pumzi? Na anayekiinua, amekataa au anatafuta hewa? Kwa nje zote zinafanana. Kutoka kwenye pazia zinafanana zaidi. Mwenye hatamu anasikia uzito mkononi tu: mwepesi, mzito, mwepesi, mzito. Akisikia mwepesi anasema ananipenda. Akisikia mzito anasema ananichukia. Kumbe mkononi mwake hakuna upendo wala chuki. Kuna upana wa mfupa ambao mtu alizaliwa nao kabla hajajua kuna Gari. Nikafikiri, je, watu wote waliowahi kuitwa wema duniani walikuwa na makoo mapana tu? Na wale waliofungiwa, waliokazwa, waliozikwa na mikanda yao, walikuwa wanataka nini zaidi ya kuhema?

Naogopa swali hilo. Lakini namwogopea Sikitu zaidi.

Sikitu alipokuwa mchanga alinyonya huku akihema kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Nilijifunza kumwinulia kidevu kidogo, hivi, kwa kidole cha shahada, na hewa ikapita. Ndivyo alivyolala utoto wake wote, kidevu kikitazama dari. Amekua, mrefu, mcheshi, anapika vitumbua mtaa mzima unatoka na sahani, na bado akilala chali namsikia kutoka chumba cha pili koo likimpigia filimbi. Na anapocheka anarusha kichwa nyuma. Watu wanasema anajidai. Mwacheni. Ndipo hewa ilipo.

Bwana Msabaha, mpimaji, alikuja jua likiwa limeshapanda. Si mtu mbaya wa sura. Ana sauti ya kubembeleza, viatu vyake anavivua mlangoni bila kuambiwa.

"Hodi wenyewe."

"Karibu."

"Nimekaribia. Sikitu, njoo mwanangu, usiogope. Mimi nami nina binti kama wewe."

"Naye alipimwa?" Sikitu akauliza.

"Yule... ana kifua."

"Kifua cha kukohoa au cha kuringia?"

Jirani yetu Bi Kazija, aliyekuja kushuhudia kama ilivyo desturi, alicheka mpaka ukaya ukamdondoka kichwani. Yeye mwanawe wa kiume alikuwa tayari kwenye Gari, na kitambaa chake kila mara kilikuwa mlangoni kikimeremeta.

Bwana Msabaha alikunja ngumi, akaiweka chini ya taya la mwanangu. Akaisukuma. Haikuingia. Akaizungusha kidogo kama mtu anayejaribu ufunguo wa jirani.

"Mh! Kidevu kizito. Mbishi huyu. Huyu tuanze na ukanda kabisa."

"Bwana Msabaha," nikasema, "huo si ubishi, huo ni mfupa. Hebu tia vidole."

Akatia. Viliingia viwili. Cha tatu kikagoma.

"Viwili ni vichache," akasema.

"Ndicho ninachokwambia."

"Nami ndicho ninachokwambia. Mbishi."

"Akiinama hapati hewa!"

"Mama Sikitu, wote huanza hivyo hivyo. Wakishatoa povu wanatulia."

"Hata maiti ametulia."

Bi Kazija akajifanya anatafuta ukaya. Bwana Msabaha akavaa kiatu kimoja, akasita na cha pili mkononi, akasema taratibu, kama anayetoa zawadi: "Nyumba inatoa shingo moja. Mimi sikusema ipi."

Basi nikainua kidevu changu.

"Mama!" Sikitu akanishika mkono. "Mama, acha! Wewe umebanana kuliko mimi. Taya hili nimelirithi kwa nani kama si kwako?"

"Mimi nimeshahema vya kutosha, mwanangu. Kalete khanga yangu."

"Mama, wewe hata uji unakupalia!"

"Kalete khanga, nimesema."

Bwana Msabaha hakunipima. Anayejitolea hapimwi. Nilipogeuka kutazama jikoni, Kishindo alikuwa amenipa kisogo ukutani, na mfupa hauna namna ya kujigeuza.

Chuma ni baridi. Halafu kinakuwa na joto lako, na hapo unaanza kusahau kipi ni chako. Ulimi wangu ni mnene. Sikuwahi kujua, ulimi haupimwi mpaka ukose nafasi. Kaakaa langu ni la chini. Chuma kikaukandamiza ulimi chini, kikagusa dari juu, na mimi nikabaki katikati kama mtu aliyelaliwa na kabati. Hatamu zikavutwa. Kidevu kikashuka. Tezi za mate zilizopo nyuma ya pembe ya taya, hizi mnazozigusa mkiwa na matubwitubwi, zikabanwa kati ya taya na shingo, zikakamuliwa kama ndimu. Mate yakajaa. Nikataka kumeza. Jaribuni sasa hivi, nyie mnaosoma: inamisheni kidevu mpaka kifuani, mshike ulimi chini kwa kijiko, mmeze. Mmeona? Hayashuki. Mate yasiyoshuka yanakwenda wapi? Yanatoka mbele. Chuma kinayapiga, pumzi inayapiga, yanakuwa povu.

Ndiyo raha hiyo. Mate yaliyokosa njia.

Nikavuta. Kona ya soko la kuku ilipita, na pale chini nikamwona farasi amepiga magoti, na mimi ndimi niliyemwona, na mimi ndimi niliyepiga magoti, na mtoto wa kike amesimama pembeni akiwaza kwa nini yule ananyoosha kichwa namna ile. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na chuma. Nilitaka kumwambia mtoto yule asikulie hapa, asiolewe hapa, kama ana miguu aende. Akanitazama akapunga mkono. Nyuma yangu pazia lilikuwa pazia. Nikasikiliza kama kuna mtu anahema ndani. Nilisikia kuhema. Halafu nikajua ni kwangu.

Bega likakazika. Hatua ikawa fupi. Mtu akasema, huyu mama mvivu wa mguu.

Wakanifuta. Kitambaa kikaenda nyumbani, kikatangulia kufika, nami nilipokuja nikakikuta mlangoni kimelowa, kizito, na Bi Kazija yuko katikati ya barabara vigelegele vimemshika. "Shoga yangu! Lo! Tangu nizaliwe sijaona povu la siku ya kwanza namna hii! Kumbe ulikuwa unatuficha!" Na Sikitu wangu alisimama chini ya kitambaa kile, machozi yanamtoka, anacheka na kichwa nyuma. "Mama. Kumbe haiumi. Mimi nilidhani unakwenda kufa, kumbe unaona raha." Akanikumbatia. Lijamu haivuliwi, ukishaivaa unalala nayo, unakunywa uji pembeni mwake. Nikasema hapana. Kilichotoka ni povu jingine, na mwanangu akalifuta kwa upindo wa khanga yake kama anayefuta maziwa kwenye mdomo wa mtoto aliyeshiba.

Nilijaribu kuandika. Nilichukua mkaa nikaandika kwenye ukuta wa jikoni, chini ya Kishindo: SI RAHA. Sikitu akarudi kutoka kisimani, akasoma, akatazama mlango, akachukua tambara akafuta haraka haraka. "Mama, watu wanapita hapa." Sikujua kama ameamini alichokisoma au ameogopa tu waliokuwa wakipita. Swali langu lilelile, limehamia kwa mwanangu.

Nikavuta. Nikatoka siku moja Sikitu ana kikaango cha vitumbua mkononi. Nikarudi, ana mume. Nikatoka, nikarudi, mume hayupo, amechukuliwa na nyumba yao kuwa shingo yao, na Sikitu ana tumbo. Nikatoka, penye kona ya soko la kuku nikawa mdogo, nikawa mzee, nikawa na manyoya, nikarudi, mlangoni kwangu pana mtoto mchanga wa kike, amelala mapajani kwa mama yake chini ya kitambaa changu, na povu langu linamdondokea kwenye paji la uso, matone, na mama yake anasema, "Hizo baraka za bibi hizo."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya na nilichokuwa sijakifanya. Nimeikopesha nyumba shingo. Sikumwokoa Sikitu, nimesogeza siku tu. Mimi nikianguka, nyumba itatoa nyingine, na atakayetolewa atakwenda akicheka, kwa sababu kwa miaka yote hii mlango wangu umemwambia kwamba mama yake alikuwa na raha. Kitambaa changu kimesema uongo kila siku, kwa mate yangu. Na yule mchanga anakua chini yake.

"Kumbe umeelewa," Kishindo akasema nilipoingia jikoni. "Mimi nilichelewa. Mimi nilielewa nikiwa nimeshachemshwa."

Nikamtazama. Siwezi kujibu, anajua.

"Inua," akasema. "Kitambaa kirudi kikavu. Hiyo ndiyo barua pekee ambayo mdomo wako bado unaweza kuandika. Aione kikavu, aulize. Akiuliza tu, yatosha. Lakini ukanda wataleta, mama. Sikufichi. Ukanda ni kitu kingine."

Siku iliyofuata hatamu zilipovutwa nikakataa kushuka. Nikainua kichwa. Nyie, hewa! Nilikuwa nimeisahau. Iliingia kama watoto wanavyotoka shule. Ilikuwa na harufu ya kuku, ya vumbi, ya mkate wa mtu, na nikaimeza, na mate yakashuka nayo, yakapata njia yake ya zamani kwenda chini, na midomo yangu ikawa mikavu, ikapasuka kwa ukavu. Wakavuta. Pale penye pengo chuma kilikwenda mpaka kwenye mfupa, nikasikia ukingo wake, meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Nikainua zaidi. Gari likayumba. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaona pazia likitikisika, na sikupata kuona ni kwa upepo au kwa mtu. Watu milangoni walikuwa wakisema mbishi, mbishi, mtazameni, amezeeka vibaya. Na mimi nilikuwa nahema tu. Wallahi sikuwa nafanya kingine chochote. Nilikuwa nahema.

Langoni Bwana Msabaha alinifuta mwenyewe. Alipangusa, akageuza kitambaa, akapangusa tena. Kikavu kama kilivyotoka dukani. Akakikunja taratibu. "Mama Sikitu," akasema, na nadhani alihuzunika kweli, "kikianikwa hivi, kesho asubuhi nakuja na ukanda. Sina namna." Akakipeleka.

Nilitembea nyuma yake na damu mdomoni na furaha niliyokuwa sijaionja. Nilijua kitakachonipata. Lakini kitambaa kitaning'inia mlangoni kikavu, cheupe kitupu, mtaa mzima utakiona, na mwanangu ataniuliza: mama, kwani nini? Na mimi nitamshika kidole chake, nitakipitisha chini ya taya langu, nitakipitisha chini ya taya la mchanga wake. Halafu atachukua khanga atakwenda, popote pasipo na Gari.

Nilifika uani kwa mlango wa nyuma. Sikitu alikuwa amechutama penye beseni la nguo. Mkononi alikuwa na kitambaa changu. Alikuwa anakisugua sabuni.

Hakunisikia. Alikisugua mpaka povu likapanda, jeupe, zito, akakikamua nusu tu, akakiinua kukitazama, akakirudisha akaongeza sabuni. Nikagonga chuma changu kwenye nguzo. Akageuka.

"Mama."

Nikaonyesha kitambaa. Nikatikisa kichwa.

"Najua," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Unadhani sijui? Nilijua tangu siku ya kwanza; yale ya mlangoni niliyasema kwa kuwa watu walikuwa wakisikia. Nilikuwa nakusikia unavyokoroma usiku na hicho chuma. Najua si raha, mama. Nani asiyejua? Lakini wakikiona kikavu watakukaza. Ukikazwa wewe utakufa, umebanana wewe. Unataka nikutazame?" Akasimama, povu linamdondoka viganjani. "Usiinue tena. Nakuomba. Au ukiinua, inua, mimi nitafua. Kila siku nitafua. Lakini usiniambie nikianike kikavu, maana huo mkono sina."

Akapita, akaenda mbele, akakianika. Nikasikia vigelegele vya Bi Kazija. Nikamfuata mpaka mlangoni, na jua lilikuwa limekaa sawasawa juu ya mtaa.

Povu la mate halina rangi. Mimi nimelitoa, nalijua. Ni jeupe la kuchosha, kama macho ya aliyekesha. Povu la sabuni likipigwa na jua lina rangi: waridi, kijani, zambarau, zinatembea, zinapasuka. Kitambaa changu mlangoni kilikuwa kinatembea rangi hizo. Nikatazama mlango wa Bi Kazija. Kitambaa cha mwanawe, kile kinachomeremeta kila mara. Waridi, kijani, zambarau. Vigelegele vikamkatikia mdomoni, akaona nimeona, akakaza ukaya, akaangalia chini.

Nikatazama mtaa. Mlango baada ya mlango, mpaka kwenye kona.

Kumbe walikuwa wanainua. Yule kijana wa Bi Kazija anainua. Yule mtu wa nyumba ya kona, tuliyemsifu upole, anainua. Kila mmoja peke yake, kila mmoja akijidhania ni yeye tu mwenye koo dogo mjini, anarudi nyumbani na damu mdomoni anakuta mlango wake unacheka. Na waliowafulia ni mama zao, wake zao, watoto wao, wanaowapenda. Hakuna askari aliyewahi kutulinda tusionane vizuri kuliko wao.

Nilitaka kupiga kelele. Mnajua kilichotoka.

Sikitu alikuwa amembeba mchanga. Mchanga akaamka, akajinyoosha, akapiga mwayo: mdomo wote wazi, waridi mpaka kooni, ulimi umelala kwa raha zake, hakuna kitu humo ndani isipokuwa hewa. Sikitu akatazama barabara kushoto, akatazama kulia. Akamfunika mdomo kwa kiganja chake, polepole, kwa mapenzi, na kiganja bado kilikuwa na sabuni.

"Shhh," akamwambia. "Watu."

Kesho asubuhi ukanda hautakuja. Nimeokolewa. Gari litatoka na mimi nitalivuta, na siku nitakayoanguka penye kona ya soko la kuku mlango wangu utakuwa bado unameremeta.

Nikanyoosha mkono nikamwinua mjukuu wangu kidevu kwa kidole cha shahada, hivi, kama nilivyomfanyia mama yake. Halafu nikakigeuza kidole, nikaongeza cha pili, nikavipitisha chini ya taya.

Viliingia viwili. Cha tatu kikagonga mfupa, naye akanicheka.